Mzizi wa Kutia Joto

Akina mama wa kanisa letu huko Dundori waliniomba niandike ushuhuda wa kupona kwangu. Najua walitaka nianze kwa kushukuru. Nitashukuru, wala sitasahau, lakini siwezi kuanzia hapo, kwa sababu kitu kilichoniamsha asubuhi nyingi nikapanda gari kwenda hospitali kilikuwa hasira. Kama wewe unayesoma umekaa kwenye benchi ukingoja jina lako liitwe, na moyo wako unachemka, na kila mtu anakwambia utulie, basi haya nayaandika kwa ajili yako.

Mimi ni mkulima wa viazi na ng'ombe wa maziwa. Dundori ni kwa baridi. Mwezi wa saba ukungu unalala shambani mpaka saa nne, na nyasi unazowakatia ng'ombe zinauma mkono kama barafu. Kila mtu huku huhisi baridi, lakini yangu ilikuwa nyingine. Tangu nikiwa msichana, vidole vyangu vilikuwa vinageuka vyeupe kama mshumaa, halafu vinakuwa rangi ya samawati, na damu ikirudi vinauma mpaka machozi yanitoke. Nilikamua nikiwa hivyo. Mume wangu Karanja alikuwa ananipashia maji kwenye karai, naingiza mikono humo, halafu narudi kwa ng'ombe.

Wifi yangu Salome alikuwa anaona hayo yote. Salome ni mke wa ndugu yangu mdogo, Ndirangu, na nyumba yao iko ng'ambo ya ua, kwenye shamba alilotuachia baba. Hatukuwa maadui. Nilipojifungua binti yangu Ciku, yeye ndiye aliyenipikia na kunifulia. Nataka hilo lijulikane, maana watu wakisikia hadithi hii wanadhani tulichukiana tangu zamani.

Mwaka mmoja Salome alijiunga na watu wanaouza dawa za Kichina. Walikuwa na ofisi Nakuru mjini, ghorofani, na walimu waliovaa suti. Alikuwa anaenda kwa mafunzo, akirudi anaongea kwa namna mpya, kama mtu aliyepandishwa cheo. Akaniletea pakiti nyekundu yenye maandishi ya dhahabu ya Kichina. Ndani mlikuwa na mizizi myembamba, rangi ya udongo, imejiviringa kama nywele zilizotolewa kwenye kitana. Harufu yake ilikuwa kali, inapanda puani. Ukiutafuna mmoja, ulimi unawaka kama umelamba pilipili, kisha unakufa ganzi.

Aliniambia, "Shida yako ni baridi imeingia mpaka kwa mifupa. Dawa ya hospitali haifiki huko. Hii inafika."

Nikachemsha, nikanywa. Na nitasema ukweli ambao wengi hawapendi niuseme: ulifanya kazi. Haukupita muda nikahisi miguu ina joto ndani ya gambuti. Vidole vikaacha kuwa vyeupe. Niliamka nikakamua bila karai la maji, na Karanja akanicheka kwa furaha akisema sasa ataachishwa kazi. Ndiyo maana mtu akiniita mjinga namkatalia. Sikunywa kitu kisichofanya kazi. Nilikunywa kitu kilichofanya kazi upande mmoja na kuniua upande wa pili, na wa pili hauonekani.

Nilikunywa asubuhi na jioni. Mvua ndefu zikaja zikaisha nikinywa. Tukavuna viazi, tukapanda tena, bado nakunywa. Mahali fulani katikati ya msimu ule wa pili mwili ukaanza kubadilika. Nilikuwa naanza mstari wa kupalilia na siumalizi. Chai ikawa na ladha ya msumari. Ngozi iliniwasha usiku na mchana nikawa najikuna kwa gunzi la mahindi. Midomo na viganja vilipauka, na Ciku alipokuja likizo kutoka shule alinitazama mlangoni akauliza kama nimekuwa nikilia.

Nilimwambia Salome. Akapiga simu kwa mwalimu wake hapo hapo jikoni kwangu, akaiweka kwa sauti ili nisikie. Yule mtu hakuniuliza umri, hakuniuliza ninaumwa nini, hakuuliza hata jina. Alisema baridi inatoka, ndiyo maana mwili unalegea, na kwamba nisiogope ila niongeze mara mbili. Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu anayesoma habari redioni. Nikaongeza.

Mwezi wa saba uliofuata nilianguka bandani, kichwa karibu na kwato za ng'ombe. Karanja na Ndirangu walinibeba mpaka barabarani, tukateremka Nakuru.

Sasa niwaambie kuhusu kungoja. Benchi lilikuwa la mbao, refu, na ulikuwa unasogea kidogo kidogo kuelekea mlango kadiri wenzako wanavyoingia, kiti cha mwenzako kikiwa bado na joto lake. Nilisogea hivyo siku nzima nikiwa nimemwegemea Karanja. Nilipofika ndani, mhudumu mmoja aliniuliza nimekuwa nikitumia dawa gani. Nikamwambia kuna mizizi. Akacheka, akamwambia mwenzake kwamba watu wa milimani wakiambiwa ni dawa watakunywa hata mavi ya ng'ombe. Karanja aliangalia viatu vyake. Nimechomwa sindano nyingi tangu siku ile na nimezisahau. Kicheko hicho sijakisahau, maana baada yake sikutaja mizizi tena kwa siku kadhaa, na siku hizo zilikuwa na maana.

Damu ilipopimwa ndipo nikapelekwa kwa daktari wa figo, mwanamke mtaratibu ambaye huvuta kiti akae karibu na mgonjwa kabla hajasema neno. Aliniambia figo zangu zote mbili zimekauka na kusinyaa, na kwamba nitahitaji mashine ya kusafisha damu. Kisha akaniuliza swali lile lile la mizizi, lakini bila kucheka. Nikamweleza. Akamwomba Karanja alete pakiti.

Karanja alirudi Dundori akaenda moja kwa moja kwenye kopo nililokuwa nikiweka dawa. Lilikuwa tupu na limeoshwa. Sufuria nililochemshia lilikuwa limesuguliwa kwa mchanga likang'aa. Salome alikuwa amekuja kusaidia usafi kwa sababu mwenye nyumba ni mgonjwa. Karanja alipomuuliza, alisema alidhani ni takataka.

Siku chache baadaye alikuja kuniona hospitalini na chupa ya uji. Nilikuwa nimewekwa mpira shingoni wa kupitishia damu, siwezi hata kugeuza kichwa. Karanja alipotoka kwenda dukani, Salome aliinama sikioni kwangu.

"Mama Ciku, usiwaambie hawa watu habari ya ule mzizi. Utaniharibia jina."

Halafu akanifunika blanketi vizuri mpaka begani, akanipapasa, akaketi. Hakuuliza kama ninaumia. Hapo ndipo hasira ilipoingia, hata kabla sijajua kama nitaishi.

Aliyetusaidia ni Mama Tabitha, mjane jirani yetu ambaye naye alikuwa amenunua mzizi ule kwa ajili ya magoti. Alisikia habari yangu sokoni. Hakumuuliza mtu, alichukua pakiti yake akaificha kifuani, akashuka Nakuru peke yake na kuulizia wodi mpaka akanipata. Daktari alitafuta mtu wa kusoma yale maandishi. Yalisema ni mzizi wa kutia joto na kufukuza baridi. Chini yake, kwa herufi ndogo, yalisema usitumiwe kwa muda mrefu. Onyo lilikuwepo jikoni kwangu siku zote, na hakuna aliyekuwa na haja ya kutusomea.

Daktari alikuwa mwangalifu. Alisema huko Uchina mzizi huu hutolewa na mtu aliyeusomea, kidogo tu na kwa muda mfupi, na kwamba wakati mwingine huchanganywa na ndugu zake wabaya zaidi, mimea inayojulikana kula figo. Hangeweza kuapa ni upi kati ya hiyo niliokunywa. Lakini namna figo zangu zilivyoharibika alikuwa ameisoma vitabuni. Kisha akamgeukia Mama Tabitha akamwambia hatoki bila kupimwa. Figo zake zilikuwa zimeanza kushuka, hazikuwa zimeisha. Aliacha siku hiyo hiyo. Mpaka leo anapalilia shamba lake mwenyewe.

Mimi nikaingia maisha ya mashine. Mara mbili kwa wiki nilishuka mjini, nikafungwa kwenye kiti, damu yangu ikatoka na kurudi kupitia mipira. Ikirudi inakuwa baridi. Nilikuwa natetemeka chini ya mablanketi mawili nikiuma shuka. Mkononi waliniunganishia mishipa, pakavimba kama kamba nene chini ya ngozi, na ukigusa unahisi inatetema kama nyuki amefungiwa humo. Ciku hakupenda kuigusa. Hedhi ilikatika. Nywele zilitoka na kitambaa. Maji ya kunywa nilipimiwa, na kiu ilinifanya niwaonee wivu ng'ombe wakiinamia birika.

Kulikuwa na watu wema. Kiti cha jirani kilikuwa cha Mzee Hassan, mfanyabiashara wa mtaa wa Bondeni ambaye babu yake alitoka pwani. Mkewe alinifumia soksi za sufu baada ya kuniona nikitetemeka mara moja tu. Mzee Hassan alikuwa anaongea polepole, na nilipomweleza habari yangu hakuniambia nisamehe. Aliuliza tu, "Na bado anauza?"

Alikuwa bado anauza. Mama Tabitha ndiye aliyeniletea habari hiyo. Salome alikuwa amemuuzia msichana mmoja aliyejifungua karibuni, akamwambia ni ya kupasha mgongo joto baada ya uzazi. Mama aliyekuwa ananyonyesha. Nilijaribu kulalamika. Ofisi moja ilinituma kwa nyingine, na hiyo nyingine ikaniambia nilete risiti. Yule mwalimu mwenye sauti ya redio simu yake haikupatikana tena. Karanja alipopanda ile ghorofa alikuta wanauza vifuniko vya simu.

Wakati huo ndugu zangu walikuwa wanapimwa ili kuona nani anaweza kunipa figo. Aliyefaa ni mmoja tu, Ndirangu, na Ndirangu akakubali.

Baada ya siku chache mama yetu alikuja kunitembelea. Aliketi kitandani kwangu, akanishika mkono ule usiounganishwa mishipa.

"Nyambura, ndugu yako anakupa figo. Sasa hayo mambo ya Salome yaishe."

"Yaishe namna gani, mama?"

"Usiyaseme mbele za watu. Utamtoa mtu figo halafu umvunjie nyumba?"

Nilimwambia nitafikiria. Nilifikiria kwenye kiti cha mashine wiki nzima, na kadiri nilivyofikiria ndivyo nilivyokasirika, maana nilimpenda mama na nilielewa alichotaka. Alitaka watoto wake wote wabaki mezani. Lakini bei ya kukaa mezani ilikuwa yule msichana anyonyeshe mtoto huku anakunywa, nami ninyamaze nikiwa najua. Nilimweleza Mzee Hassan. 

"Muulize ndugu yako mwenyewe, mwanangu," akasema. "Figo ni yake, si ya mama yenu."

Nilimkuta Ndirangu kwenye stoo akichagua mbegu za viazi. Nikamwambia kwamba Jumapili, akina mama wakikaa baada ya ibada, nitasimama niwaambie kuhusu mzizi, na nitamtaja aliyeniuzia kwa sababu wote wanajua. Nikamwambia akibadilisha nia juu ya figo sitamlaumu, nitabaki kwenye mashine. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Aliendelea kuchagua, zilizooza huku, zenye macho mazuri kule.

"Umemaliza?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Akabeba karai lake akatoka.

Jumapili nilisimama. Nililazimika kushika mgongo wa kiti. Nilionyesha pakiti ya Mama Tabitha, nikafungua shingo ya blauzi waone kovu la mpira, nikavuta mkono wa sweta waone mishipa. Nilisema nilianza kunywa lini na niliambiwa nini nilipoanza kudhoofika. Sikusema kwamba Salome alitaka kuniua, kwa sababu si kweli. Nilisema aliambiwa uongo akauamini, na alipojua ni uongo aliosha sufuria langu.

Salome alikuwa safu ya pili. Alisimama akasema nina uchungu kwa sababu Mungu amebariki biashara yake. Wanawake kadhaa walitoka naye. Mama yetu alibaki ameketi, akitazama mbele, na baada ya hapo hakunisemesha msimu mzima wa kupanda. Nilipita kwake nikamsalimu, akaitikia kwa kichwa. Hilo liliniuma kuliko sindano yoyote, na liliniongezea hasira, maana ilionekana mimi ndiye niliyeleta ugonjwa nyumbani.

Lakini wiki ile wanawake walianza kuja kwangu, mmoja mmoja, pakiti zikiwa chini ya shuka walizojitanda. Hawakutaka kuonekana. Waliziacha mezani, wakanywa maji, wakaenda. Yule msichana aliyejifungua alikuja na mtoto mgongoni. Nilimpeleka mwenyewe Nakuru siku yangu ya mashine, akapimwa. Alikuwa mzima. Nilitoka nje nikalia nyuma ya ukuta wa chumba cha kufulia, kilio cha kwanza tangu niugue.

Ndirangu hakunitajia figo tena. Tulipalilia, tukapulizia dawa viazi, mvua zikakatika, na yeye akipita uani ananisalimu kama mtu wa mbali. Nilijiambia nimeshajua jibu, nikazoea kuwaza maisha yangu yote kwenye kile kiti. Mzee Hassan alifariki msimu huo. Nilifika nikakuta kiti chake kimeketiwa na mtu mwingine, kijana ambaye hakujua pa kuweka miguu. Nilimpa blanketi langu moja.

Siku moja mimi na Karanja tulikuwa kwenye benchi la kliniki, tukisogea. Mtu akaja akaketi upande wangu wa pili. Alikuwa Ndirangu, mkononi ameshika bahasha ya picha na vipimo. Alikuwa ameendelea kuja peke yake miezi yote ile bila kumwambia mtu.

"Nilikukasirikia," akasema, "na bado nimekasirika. Lakini siwezi kukuacha ufe kwa sababu nimekasirika."

Karanja alinyoosha mkono juu ya magoti yangu akamshika bega. Jina langu likaitwa, tukasogea.

Tulifanyiwa upasuaji Nairobi wakati wa mvua za vuli. Nilipozinduka, nesi aliinua mfuko uliotundikwa kando ya kitanda akanionyesha mkojo, mwingi, rangi ya chai ya rangi. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Ndirangu alikuwa wodi ya pili, na alipoweza kutembea alikuja amejishika ubavu, akatazama ule mfuko, akasema inaonekana figo yake inafanya kazi kwa bidii kuliko yeye. Tulicheka, kila mmoja akishika mshono wake.

Sasa nina uso wa mviringo kwa sababu ya dawa ninazomeza, na nitazimeza maisha yangu yote. Vidole vyangu vimerudi kuwa vyeupe asubuhi za baridi. Navaa glavu, nachovya kwenye karai, naendelea.

Wewe uliye kwenye benchi, sikukatazi mitishamba, na sina vita na Wachina. Ila usinywe kitu ambacho anayekuuzia hawezi kukusomea maandishi yake. Ukidhoofika halafu ukaambiwa uongeze, acha. Nenda hospitali na hiyo pakiti mkononi, na mtu asikusafishie jikoni kabla hujaitoa. Mhudumu akikucheka, vumilia kicheko chake, sema yote, kisha umtafute mwingine.

Na wakikuhimiza usamehe upesi, usiharakishwe. Mama yangu amerudi kuongea nami, polepole, kuanzia na habari za ng'ombe. Salome aliacha kuuza, si kwa sababu ya toba bali kwa sababu hakuna aliyenunua tena. Alikuja kwangu baada ya sisi kurudi kutoka Nairobi. Nilimkaribisha, nikamwekea chai.

"Mama Ciku, nimekuja tusameheane," akasema.

"Tusameheane? Mimi nilikukosea nini?"

Alikunywa chai yote, taratibu, huku tukisikiliza maziwa yakichemka jikoni. Alipofika mlangoni aligeuka akaniuliza kama anaweza kumwambia Ndirangu kwamba nimemsamehe.

"Mwambie ulikunywa chai," nikasema.